Harrier ya Betri Mbili Kwenye Baridi ya Njombe

Kila Desemba, njia panda ya Makambako hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wanaokwenda Mbeya na Tunduma hunyoosha. Wanaokwenda Njombe, Makete, Ludewa na Songea hukata kushoto. Katikati ya mabasi na malori ya mbao hupita magari ya juu ya wafanyabiashara waliotafuta riziki Kariakoo mwaka mzima: Harrier, Lexus RX, X-Trail. Mengine yakiingia kwenye maegesho hayasikiki kabisa. Injini imezima, gari linasogezwa na umeme.

Sikukuu zikiisha, wengi hurudi Dar es Salaam na magari yao. Lakini swali hubaki huku, mezani kwa mkulima wa parachichi aliyeuza vizuri, kwa mwenye shamba la miti, kwa mtumishi aliyemaliza mkopo: je, haibridi ya kifahari iliyotumika inamfaa mtu anayeishi Njombe au Makambako? Bei yake inavutia. Ndani ina ngozi, kimya na starehe. Tena inasemekana hainywi mafuta.

Jibu langu, baada ya kupima kila upande, ni hili: gari lenyewe linaziweza nyanda za juu kuliko watu wanavyodhani, ila akiba ya mafuta ni sababu dhaifu ya kulinunua. Kinachoamua kama utafurahi au utajuta ni mambo mawili ambayo dalali hayataji: umri wa betri kubwa, na umbali kati ya nyumba yako na fundi anayeijua.

Haibridi zipo za aina nyingi

Kosa la kwanza ni kuyaweka magari haya yote kapu moja. Toyota ilianza kuuza Harrier ya haibridi nchini Japani mwaka 2005, kwa umbo lile ambalo Watanzania waliliita "tako la nyani". Nje ya Japani gari hilohilo liliitwa Lexus RX400h. Lina injini ya V6 ya lita 3.3, mota kubwa ya umeme mbele na nyingine nyuma. Mwaka 2009 ikafuata RX450h yenye injini ya lita 3.5. Mwishoni mwa 2013 ikaja Harrier ya umbo jipya, ambayo mitaani huitwa Anaconda, na haibridi yake, iliyofuata mwanzoni mwa 2014, ina injini ya silinda nne ya lita 2.5. Mwaka huohuo ikatoka Lexus NX300h, na 2015 Nissan ikaleta X-Trail ya haibridi yenye mota moja na betri ya lithiamu. Harrier ya 2020 nayo ikahamia kwenye lithiamu.

Kwenye hizi za Toyota na Lexus, mpangilio ni mmoja. Hakuna stata wala oltaneta ya kawaida. Mota za umeme ndizo zinazoiwasha injini, na ndizo zinazozalisha umeme. Betri kubwa hukaa chini ya kiti cha nyuma. Ya Harrier ya 2005 ina volti 288, na inverta huzipandisha hadi 650 kabla ya kuzipeleka kwenye mota. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo gari jingine huipoteza kama joto. Betri ya pili, ndogo, ya volti 12, huamsha kompyuta zote. Gari lina betri mbili, na mwenye gari anapaswa kuzijua zote mbili.

Kwa mnunuzi, matoleo haya yanatofautiana kwa gharama. Ile V6 ya lita 3.3 inatumia mkanda wa taimingi, ambao unatakiwa kubadilishwa baada ya kilomita kati ya 100,000 na 150,000. Ile ya lita 2.5 inatumia mnyororo. Zaidi ya hapo, Juni 2011 Toyota iliyaita magari ya miaka ya mwanzo ya RX400h na Harrier Hybrid ili kurekebisha inverta, kwa kuwa ulehemu wa baadhi ya transista ulikuwa hafifu. Mwenye kufikiria gari la 2005 au 2006 aulize kama kazi hiyo ilifanyika. Namba ya chesisi inatosha kupata jibu kwenye kumbukumbu za Toyota ya Japani.

Mwinuko unalipa kiasi na kunyima kiasi

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako uko chini yake kidogo. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Mtu aliyezoea gari lake Kinondoni akipanda nalo Njombe huliona limekuwa zito, akadhani plagi zimekufa. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haipungukiwi. Kwenye mlima mfupi, au unapotaka kulipita lori la mbao kati ya Makambako na Njombe, haibridi hukupa sehemu kubwa ya nguvu ambayo jirani yako mwenye petroli tupu ameipoteza kwa sababu ya mwinuko. Hii ndiyo faida kubwa ya haibridi mkoani hapa, na ni nadra kuisikia ikitajwa.

Faida ya pili ni baridi. Adui mkubwa wa betri za nikeli, ambazo ndizo zimo kwenye Harrier na Lexus nyingi zilizotumika, ni joto. Betri inayokaa kwenye foleni ya Ubungo mchana wa Februari huzeeka haraka kuliko inayolala kwenye ubaridi wa Njombe. Kipupwe cha Juni na Julai hupunguza kidogo uwezo wake wa asubuhi, lakini hakiiharibu.

Hapo ndipo upendeleo unapoishia. Haibridi huokoa mafuta pale gari linaposimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Foleni ndiyo shamba lake. Njombe haina foleni ya namna hiyo, na barabara ya kilomita 60 hivi kutoka Makambako ni ya kwenda mfululizo. Kwenye mwendo wa barabara kuu injini hufanya karibu kazi yote na pengo la matumizi hupungua. Safari fupi za mjini nazo zina tatizo lake: asubuhi ya baridi kompyuta huiacha injini ikiunguruma hadi ipate joto, hata kama betri imejaa. Anayetoka Kibena hadi sokoni na kurudi, akazima, akawasha tena, hutumia muda mwingi wa safari akiwa kwenye kupasha moto.

Na milima? Wengi huamini kwamba mteremko mrefu huijaza betri umeme wa bure wa safari nzima. Hesabu inasema vingine. Betri ya Harrier ya 2005 ina uwezo usiofika kilowati-saa 2, na kompyuta hairuhusu kutumika zaidi ya nusu ya hizo. Gari la tani 2 likishuka kimo cha mita 100 hutoa nguvu ya kama nusu kilowati-saa. Kwa hiyo, hata ukitoa kinachopotea njiani, mteremko wa kimo cha mita 200 hadi 250 unatosha kuijaza. Ukishuka mlima wa Kitonga, au ile barabara ya zege ya Lusitu hadi Mawengi huko Ludewa, betri hujaa kabla hujafika mbali, na uzito wote wa gari hurudi kwenye breki za kawaida. Dereva asiyelijua hilo hushangaa breki kubadilika mguuni na kuanza kunuka. Gia ya B, au ya S kwenye matoleo mengine, imewekwa kwa ajili ya hali hiyo: huifanya injini ishike gari.

Mwinuko una jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta uliochoka, ambao Dar es Salaam ungevumilika, huku huweza kuchemsha injini. Na haibridi ina mzunguko wa pili wa maji ya kupoza, wa inverta, wenye pampu yake ndogo ya umeme. Pampu hiyo ikifa, injini haitaonyesha dalili ya kuchemsha. Inverta ndiyo itakayopata joto.

Ushuru, mafuta na akiba

Ushuru wa Tanzania hupima gari kwa ukubwa wa injini na umri wake, na haibridi ya kifahari huumia kwa vyote viwili. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Harrier ya petroli ya umbo la Anaconda ina cc 1,986. Haibridi yake ina cc 2,493. Gari linalochoma mafuta kidogo, basi, hutozwa kiwango cha juu. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililovuka miaka 10. Kabla ya kutuma hela Japani, ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA, maana thamani inayotumika ni ile ya TRA na huenda isilingane na risiti yako.

Upande wa mafuta, serikali ilimsaidia mwenye haibridi bila kumtaja. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na badala yake shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo anayechoma lita chache anachangia kidogo. Na kwa kuwa bei kikomo za EWURA huongeza gharama ya kusafirisha mafuta hadi kila mji, kila lita unayoiokoa Njombe ina thamani kuliko ile inayookolewa Dar es Salaam.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie kilomita 15,000 kwa mwaka na petroli ya shilingi 3,000 kwa lita. Kwenye foleni za Dar es Salaam, tuseme gari la petroli linakwenda kilomita 9 kwa lita na haibridi 13. La kwanza litakunywa lita 1,667, la pili 1,154. Akiba ni zaidi ya shilingi milioni 1.5 kwa mwaka. Hamishia magari hayohayo kwenye barabara zetu zisizo na foleni, tuseme kilomita 11 dhidi ya 14. Akiba inashuka hadi lita 292, sawa na shilingi 876,000. Mwenye kutembea nusu ya kilomita hizo ataokoa nusu ya fedha hizo.

Weka namba hiyo kando ya betri kubwa. Ikikugharimu milioni 4 kwa yote, pamoja na fundi na usafiri, umemaliza akiba ya miaka minne na nusu. Ndiyo maana nasema mafuta pekee hayatoshi kukushawishi. Nunua haibridi kwa ajili ya utulivu wake, nguvu yake mlimani na starehe ya safari ndefu. Mafuta yahesabu kama nyongeza.

Unanunua betri, gari linafuata

Betri ya nikeli iliyotunzwa huweza kuishi miaka 10 hadi 15, pengine zaidi. Gari la 2006 lenye betri yake ya kwanza limekula muda huo wote. Bei yake ya chini inakuambia hivyo. Muuzaji anapunguza milioni kadhaa kwa sababu mnunuzi atazilipa baadaye, gereji. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Betri hupimika, na hupimika kwa muda mfupi. Imegawanywa katika vipande vinavyofuatiliwa na kompyuta kimoja kimoja. Kwa mashine ya kupimia gari, au kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani chenye programu ya simu, fundi huona volti ya kila kipande. Akipanda mlima huku akikanyaga mafuta, kisha akashuka akishika breki, vipande vizima hupanda na kushuka pamoja. Kipande kinachozama peke yake kimekwisha. Msimbo wa hitilafu wa P0A80 maana yake kompyuta imeshakata tamaa na betri. P0A93 inaelekeza kwenye upozaji wa inverta. Kuwa makini na gari ambalo misimbo yake imefutwa asubuhi ya kukuonyesha: liendeshe nusu saa, mlima na tambarare, ndipo upime.

Ukiagiza Japani, omba karatasi ya mnada na uisome. Alama ya R ina maana gari lilipata ajali ikatengenezwa. Angalia pia kutu ya chini, kwa sababu haibridi nyingi za magurudumu manne zimetumika mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Gari lililofikwa na mafuriko liache hata likiwa la bure, maana maji yakiingia chini ya kiti cha nyuma yameingia kwenye betri.

Ukinunua hapa nchini, mambo ni mengine. Namba D au E haikuambii umri wa gari. Inakuambia lilisajiliwa lini Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi na kwenye chesisi, na vyote viwili vilingane. Hakiki madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari. Lilikotumika nalo ni swali la maana: haibridi iliyokaa miaka mitano kwenye joto na foleni za Dar es Salaam imechosha betri kuliko iliyokaa Iringa au Mbeya. Na kabla ya kuangalia ngozi ya viti, inua pua unuse na upeleke mkono kwenye matundu ya hewa ya betri. Vumbi lililoganda hapo linasimulia maisha yote ya gari.

Utunzaji ni wa vitu vidogo

Gari likishakuwa lako, sehemu kubwa ya utunzaji wake ni nidhamu, na haihitaji fedha nyingi.

Matundu ya hewa ya betri ndiyo ya kwanza. Feni huvuta hewa ya ndani ya gari na kuipitisha kwenye betri. Kwenye vumbi la njia za Lupembe na vijiji vya Ludewa, feni hiyo hujaa haraka, betri hupata joto, na maisha yake hufupika kimyakimya. Isafishwe walau kila mwaka, na mapema zaidi kwa anayekwenda shamba kila wiki. Usipakie lumbesa ya viazi wala mfuko wa mbolea mbele ya matundu hayo.

Betri ndogo ni ya pili. Ikifa, gari zima hufa: neno READY haliwaki kwenye dashibodi na hakuna kusukuma. Magari yanayoachwa wiki nyingi baada ya sikukuu ndiyo huathirika. Aliyebaki nyumbani aliwashe hadi READY, aliache kama saa nzima, mara moja kwa wiki. Na anayewasha kwa nyaya za gari jingine asikosee chanya na hasi, kwani kosa la sekunde moja laweza kuunguza vifaa ambavyo bei yake inakaribia ya betri kubwa.

Oili ni ya tatu. Injini ya haibridi huzima na kuwaka mara nyingi kwa siku, na kila inapowaka inahitaji oili nyepesi ifike haraka. Ile ya lita 2.5 ilitengenezewa 0W-20, na ya lita 3.3 inataka 5W-30. Oili nzito ya 20W-50 inayouzwa kila duka la spea haifai, na kwenye asubuhi ya Njombe haifai mara mbili.

Breki ni ya nne. Kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, pedi hudumu muda mrefu. Lakini pini zake, kwa kukaa bila kufanya kazi kwenye matope na unyevu, hushika kutu. Zifunguliwe na kupakwa grisi kila mwaka. Mafuta ya breki yabadilishwe na mwenye mashine, maana mfumo wake unaongozwa na kompyuta, na kutoa hewa kwa kukanyaga pedeli tu hakutoshi.

Mwisho, muoshaji. Mwambie asipige bomba la presha kwenye inverta na nyaya za rangi ya machungwa.

Fundi yuko wapi?

Nyaya hizo za rangi ya machungwa ndizo zinazobeba jambo zito kuliko yote. Umeme wake unaua. Fundi anayezigusa anapaswa kuchomoa plagi ya usalama, kusubiri dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa kwenye inverta uishe, na kuvaa glovu za mpira za kuhimili volti 1,000. Mafundi wetu wa Njombe na Makambako ni hodari. Wanaunda upya injini za malori ambazo kwingine zingetupwa, na mji wa njia panda umewapa mazoezi ambayo vyuo havina. Lakini uhodari wa injini ya dizeli haumlindi mtu dhidi ya volti 288. Ukimpelekea kijana gari la haibridi bila vifaa, ukamwambia "jaribu tu", umemweka hatarini kwa ajili ya milioni zako. Hilo si haki.

Kwa hiyo tafuta fundi kabla ya gari. Muulize maswali matatu: ana glovu za umeme? Ana mashine inayosoma vipande vya betri? Ameshafungua betri ngapi, na wenye magari hayo wako wapi? Kama jibu la karibu liko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, ingiza kwenye bajeti gharama ya kulibeba gari juu ya lori. Lisipowaka, ndiyo njia ya kulifikisha. Bima kubwa nayo italipa ajali. Haitalipa betri iliyozeeka.

Betri ikichoka, kuna njia tatu. Ya bei ndogo ni kubadilisha vipande vilivyokufa peke yake. Inakupa muda, lakini vipande vya zamani vilivyobaki vina umri uleule na vitafuata. Ya pili ni betri iliyotoka kwenye gari jingine la Japani, ambayo haifai kununuliwa bila kupimwa na bila makubaliano ya maandishi ya kuirudisha. Ya tatu ni betri mpya, ya gharama kubwa, na kwa gari unalotaka kukaa nalo miaka saba ndiyo yenye hesabu nzuri.

Ningeombwa ushauri na ndugu yangu, ningemwambia hivi. Mwenye kutembea kilomita chache kwa mwaka, ndani ya Njombe na mashambani, achukue Harrier ya petroli ya lita 2. Fundi wa jirani anaiweza na ushuru wake ni wa chini. Anayekwenda Dar es Salaam na kurudi kila mwezi, mwenye uwezo wa kuweka pembeni fedha za betri siku anayonunua gari, achukue haibridi ya lita 2.5 ya 2014 na kuendelea, iliyopimwa betri. Ile ya V6 ya 2005, pamoja na uzuri wake wote, aiachie mtu ambaye tayari ana fundi wake.

Na kwa Makambako nina ombi. Reli ya TAZARA na barabara kuu vilifanya mji huu kuwa mahali pa kusimama. Magari ya betri mbili yanaongezeka kwenye barabara hiyo, na kila moja litahitaji mtu. Vijana wawili watatu wakipelekwa kujifunza, wakarudi na mashine, glovu na nidhamu ya zile dakika 10, hesabu niliyoiandika hapa juu itabadilika, na safari ya kutafuta fundi itaishia hapohapo njia panda.